JIKONI WIKI HII: Hutspot, chungu cha Leiden

Baridi inapokaza nchini Uholanzi, familia nyingi hupika hutspot, yaani viazi, karoti na vitunguu vilivyopondwa pamoja. Wenyeji wa mji wa Leiden hukila chakula hicho kila tarehe 3 Oktoba kwa ukumbusho. Mwaka 1574 majeshi ya Hispania yaliuzingira mji huo, na maelfu ya raia wakafa kwa njaa na maradhi. Wapiganaji wa Uholanzi walitoboa kingo za kuzuia maji. Mashamba yakafurika, na adui akakimbia usiku. Masimulizi husema kijana mmoja alikuta chungu cha mboga na nyama kambini, kingali na moto. Viazi havikuwamo, kwani vilikuwa havijaenea huko.

Kwa walaji wanne, mpishi hutokosa nusu kilo ya nyama ya kidari kwa saa mbili au zaidi, hata ilainike. Huiopoa, kisha katika supu hiyo hutia kilo moja ya viazi, nusu kilo ya karoti na vitunguu vitatu, kwa dakika 30. Hupunguza supu, akaviponda vyote kwa mwiko pamoja na siagi, chumvi na pilipili manga. Nyama hupangwa juu.

Chakula hicho si cha anasa; kwa watu wa Leiden, kina ladha ya siku ambayo njaa ilikoma.