Daktari Hawezi Kuwa na Mishahara Miwili

Mkulima wa Dongobesh wilayani Mbulu, au mfugaji wa Basotu wilayani Hanang, anapomfikisha mtoto wake hospitali, hana uwezo wa kubishana na cheti cha dawa anachoandikiwa. Hajui kama ipo dawa nyingine ya bei nafuu yenye nguvu ile ile. Huuza mbuzi, akainunua. Imani hiyo ni amana aliyokabidhiwa daktari, nayo ndiyo inayowindwa na makampuni ya dawa.

Uwindaji huo si wa leo. Mwaka 1978 daktari Mwingereza aliyefanya kazi nchini, John Yudkin, alieleza katika jarida la The Lancet kwamba Tanzania ilikuwa na mawakala 147 wa makampuni ya dawa, yaani wakala mmoja kwa kila madaktari wanne. Uingereza, nchi tajiri, ilikuwa na wakala mmoja kwa madaktari 30. Makampuni hayaajiri watu kwa huruma. Kalamu, chakula cha mchana na safari ya semina ni gharama za biashara, na gharama hizo hulipwa na mnunuzi wa dawa.

Madaktari walio wengi ni waaminifu. Lakini zawadi haihitaji kuitwa rushwa ili ifanye kazi yake. Humfunga mpokeaji bila yeye mwenyewe kujua. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili kwa sababu hiyo hiyo: mshika mawili, moja humponyoka. Fadhila za kampuni ni mshahara wa pili, na kinachomponyoka daktari ni mgonjwa.

Dawa ya maradhi haya inajulikana. Taifa lina mwongozo wake wa matibabu na orodha ya dawa muhimu. Daktari na aufuate, aandike dawa kwa jina lake la kitaalamu, si la kibiashara. Mafunzo ya waganga yagharimiwe na umma, na kila zawadi itangazwe. Walimu na watumishi walioko vijijini, hasa wajumbe wa kamati za zahanati, wawafundishe wananchi kuuliza bila woga: je, ipo dawa ya bei nafuu zaidi?

Daktari ana mwajiri mmoja tu, naye ni mgonjwa aliyeuza mbuzi wake.