Mwembe Haukutoboa Tiyo

Kiangazi kikikaza katika bonde la Ruzizi, kuanzia Juni hadi mvua za Septemba, kesi ileile inarudi hapa kwetu Luvungi. Maji yamepungua kwenye robine, mtu amechimba, amekuta mizizi imejisokota ndani ya tiyo, yaani bomba la maji, na hukumu inatoka kabla shefu wa avenyu hajaketi: mwembe wa jirani umetoboa tiyo, mwenyewe alipe na mti ukatwe. Naikataa hukumu hiyo kwa hoja moja ambayo sitachoka kuirudia. Mzizi hautoboi tiyo nzima. Ncha yake ni laini, nayo hukua kuelekea palipo na unyevu na hewa. Katika udongo uliokauka hadi kupasuka, maji yanayochuruzika kutoka kwenye maungio ya tiyo ndiyo yanayouita. Tiyo ilitangulia kuvuja, mzizi ukafuata.

Asiyeamini ashuke shimoni kabla ya kushika panga. Atazame mizizi imeingilia wapi: ni ubavuni mwa tiyo, au ni palipoungwa? Kisha atazame jinsi palivyoungwa. Ncha ya plastiki imepashwa moto mpaka ikalainika, tiyo ya pili ikasukumwa ndani yake bila gundi, na juu pamezungushiwa utepe wa mpira wa baiskeli. Kiungo cha namna hiyo hakibani. Udongo unavimba masika, unanywea kiangazi, na mwanya unafunguka. Uzi mmoja wa mzizi unapita, unazaa nyuzi nyingine, na baada ya misimu michache mchimbaji anavuta kitita kizito kama mkia wa ng'ombe. Wanaojibu kwamba mizizi imekutwa ndani, basi ndiyo iliyovunja, wanasema sawa na anayemkuta fisi kwenye mzoga akaapa kwamba ndiye aliyemuua ng'ombe. Na wanaosema mzizi mnene huinua tiyo wanasahau kutaja kina. Tiyo iliyozikwa shibiri moja hata jembe la mwenye muhogo linaifikia.

Kinachonikera zaidi ni kwamba hukumu hii inaficha hatari kubwa kuliko hasara ya mwembe. Mwanya unaopitisha mzizi unapitisha pia uchafu. Maji yakikatika, nguvu ndani ya tiyo inashuka, na maji machafu ya mtaro au ya choo cha karibu yanafyonzwa kuingia humo humo. Hapa chini yetu, Uvira, kipindupindu si mgeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu mji huo ulionyesha kwamba maji ya bomba yakikosekana, wanaolazwa kwa ugonjwa huo huongezeka siku zinazofuata. Kwa hiyo kiungo kinachovuja si ugomvi wa parseli mbili. Ni jambo la kila mtu anayekinga ndoo kwenye laini ile, na kulimaliza kwa kukata mti ni kuwaacha watoto wanywe kutoka kwenye mwanya uleule.

Hata sheria haikuhitaji panga. Tangu 1804, sheria ya kiraia ya Napoléon, ambayo Wabelgiji waliirithi na kuifuata katika sheria walizotuletea, ilimruhusu mtu kukata mwenyewe mizizi inayoingia kwenye ardhi yake, kwenye ardhi yake tu. Mti wenyewe unabaki. Lakini kwetu mwembe wa miaka thelathini, wenye kivuli pekee uani na maembe yanayouzwa barabarani kwa wasafiri wa Bukavu na Uvira, unaangushwa kwa mchana mmoja, na jioni magogo yake yanagombaniwa na wachoma makaa. Fedha ya faini ingenunua gundi, kiungo kipya na siku moja ya fundi. Mara nyingi haifiki huko. Miradi ya maji nayo hukata utepe, hupiga picha na kuondoka bila kuacha hata kiungo kimoja cha akiba, na hakuna anayeiita mbele ya shefu.

Basi mwembe umeanguka, mlalamikaji ameridhika, shimo limefukiwa. Chini yake kiungo ni kilekile na utepe wake wa mpira, kinachuruzika usiku kucha. Mzizi utakaofika safari hii utatoka kwenye mparachichi wa mlalamikaji mwenyewe.