Bangili za Bi Zohra



Kila mwaka nikiwauliza wanafunzi wangu wanataka kuwa nani, hakosi mmoja wa kusema mhandisi wa ndege. Wenzake humcheka. Mimi sicheki, ila najiuliza: nani atamlipia?

Abdul Kalam alizaliwa mwaka 1931 katika mji wa Rameswaram, kusini mwa India. Baba yake alikuwa na mashua, na akisalisha msikitini. Utotoni Kalam aliamka kabla ya alfajiri kwenda kwa mwalimu wa hisabati aliyemfundisha bure. Akirudi, baba humpeleka kuswali na kusoma Qur'ani, kisha anakwenda kituo cha treni kuchukua magazeti ya kuuza. Yote hayo kabla ya shule! Na wapo kwetu wasemao mtoto wa madrasa hapati muda wa sayansi.

Baada ya kuhitimu fizikia mwaka 1954, alitamani uhandisi wa ndege. Chuo cha Madras Institute of Technology kilimkubali, lakini zilihitajika kiasi cha rupia 1,000, na baba hakuwa nazo. Dada yake, Bi Zohra, akaweka rehani bangili na mkufu wake wa dhahabu. Kalam akaapa kuzikomboa kwa kipato chake mwenyewe. Profesa alipoukataa mchoro wake wa ndege na kumpa siku 3 la sivyo anyimwe ufadhili, alikesha mezani.

Mambo hayakunyooka. Urubani wa jeshi ulihitaji vijana 8, yeye akawa wa 9. Roketi ya SLV-3 aliyoisimamia ilianguka baharini tarehe 10 Agosti 1979. Tarehe 18 Julai 1980 nyingine ikaifikisha satelaiti ya Rohini angani. Alikuwa Rais wa India kuanzia 2002 hadi 2007, na mwaka 2015 alifariki akiwa anatoa mhadhara kwa wanafunzi.

Watu humsifu Kalam. Mimi namfikiria zaidi Bi Zohra. Kwetu harusi ikikaribia kamati huundwa, kadi hugawiwa, na mamilioni hupatikana. Mtoto akifaulu masomo ya sayansi huzunguka mlango kwa mlango na barua mkononi. Mwaka juzi kijana niliyemsomesha aliacha chuo cha ufundi muhula wa pili kwa kukosa ada. Mwezi huo huo mtaani tulikula pilau siku tatu. Nami nilichanga.

Mtaniambia dhahabu ni akiba ya mwanamke. Ni kweli, tena ni mali yake, na simwambii dada yeyote aivue. Nawaambia wanakamati. Na akija binti anayetaka kuunda ndege, tusianze kumuuliza ataolewa lini.

Daftari la michango ya harusi ya mwezi ujao limeshafunguliwa. Naomba kurasa za nyuma ziwe za ada. Kijana yule bado yuko mtaani, anaziba pancha za baiskeli. Jina lake liandikwe la kwanza.