Wakati uliopita ni hati ya lupango

KOLWEZI – Kuna shauri moja linalotembea siku hizi kati ya vijana wanaoandika hadithi na michezo ya redio katika mji huu: andika kila kitu kwa wakati uliopo. Wanasema "anakimbia" ina moto kuliko "alikimbia", msikilizaji anajiona yuko ndani, na wakati uliopita unanuka shule. Shauri hili ni baya. Kwa hadithi za mapenzi au za wezi wa usiku, labda halina hasara kubwa. Kwa hadithi za familia zilizohamishwa lina hasara, na ni heri lisemwe waziwazi.

Tazama namna hadithi hizo zinavyoanza. "Mama anaketi mbele ya hema. Mtoto analia. Vumbi linaingia." Mwandishi anafikiri amemleta msikilizaji karibu. Kumbe amemzalia yule mama ndani ya hema. Hana jana. Hakuna anayesikia kwamba alikuwa na lupango yake, na miembe miwili, na mistari ya lengalenga nyuma ya jiko, na karatasi zilizopigwa muhuri ku komini. Amekuwa mtu wa hema, kama vile mwingine ni mtu wa mlimani. Na kama hakuwa na kitu, basi hakuna aliyemnyang'anya kitu.

Mchezo huu si mpya. Mtaalamu Johannes Fabian, aliyefundisha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, alitoa mwaka 1983 kitabu kinachoitwa Time and the Other. Humo alionyesha jinsi watafiti wenzake walivyozoea kuandika juu ya watu wa nchi za mbali kwa wakati uliopo: wanakula hivi, wanaoa hivi, wanaogopa hiki. Mwisho watu hao wanaonekana hawaishi katika saa moja na yule anayewaandika. Kijana wa Dilala au wa Manika anayeandika "wanachimba, wanateseka, wanalala njaa" tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho anafanya kazi ileile ya wale watafiti, tena bila mshahara wao.

Fabian huyo ndiye aliyekaa na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu kati ya mwaka 1973 na 1974. Tshibumba alichora historia ya nchi katika picha karibu 100, akazieleza moja moja kwa Kiswahili. Kila picha ilikuwa na iliyoitangulia na iliyoifuata. Ya zamani yalikaa zamani, ya leo yakakaa leo, na mwishoni akaangalia yatakayokuja. Nani atasema picha zile hazina moto? Hata kabla yake, mwaka 1965, watumishi wa zamani wa nyumba za wazungu wa Elisabethville walitoa historia ya mji wao kwa Kiswahili cha mji, ikaandikwa na André Yav. Wapishi na mabawabu walijua kwamba asiyeelezea yaliyopita ataelezewa na bwana wake.

Wenye shauri la "-na-" wana jibu moja la maana. Wanasema: mateso haya hayajaisha, ukisema "walihamishwa" unafunga kesi, msikilizaji anazima redio akijua mambo yamekwisha. Lakini deni linasemwaje? Mtu aliyekopesha pesa hasemi "ninamkopesha". Anasema "nilimkopesha, mwezi fulani, mbele ya fulani, na hajalipa". "Nilimkopesha" haifungi deni, ndiyo inayolisimamisha. Bila ile "-li-" hana la kudai sokoni wala tribinali. Ripoti ambayo Amnesty International na shirika la IBGDH la hapa Kolwezi walitoa mwaka 2023 juu ya kuhamishwa kwa wakaaji ilihitaji jambo hilohilo: nani aliishi wapi, tangu lini, na nini kilifanyika siku gani.

Tena Kiswahili hakina milango miwili tu. Ugomvi huu wa wakati uliopo na uliopita umetoka katika Kifaransa, ambako darasani mtoto anafundishwa kuandika hadithi kwa wakati ambao hakuna anayeusema nyumbani. Ni haki yake kuuchoka. Kiswahili kina "-ka-", na hiyo ndiyo inayokimbiza hadithi: wakaja, wakapiga alama nyekundu ku ukuta, wakarudi na mashine. Moto unaotafutwa umo humo. Kina "-me-": nyumba imebomolewa, maana yake hata sasa ukienda utakuta tupu. Na Kiswahili cha Katanga kinaongeza "tulikuwaka", ambayo mkaaji yeyote akiisikia anajua ni miaka mingi, si juzi. Mwandishi mwenye mali yote hii anayeshikilia "-na-" peke yake ni kama mpishi mwenye sombe, mafuta na karanga anayeamua kupika maji.

Ila si kila wakati uliopita ni wa kweli. "Hapo zamani" ni mbaya sawa na hema, kisa inageuza ubomozi kuwa hadithi ya sungura. Na "nyumba zilibomolewa" ni mbaya zaidi. Ina "-li-" lakini haina mkono uliobomoa. Ndiyo lugha ya matangazo ya wakubwa. Kasulo ina tarehe na ina majina. Mwaka 2014 madini ya kobalti yalionekana chini ya nyumba za watu. Mwaka 2017 wakubwa wa jimbo wakaipa kampuni Congo Dongfang Mining sehemu ya mtaa, wakaaji wakahamishwa, ukuta ukajengwa. Hadithi ya kubuni inaweza kubadili majina ya watu na umbo la nyumba. Ikifuta mwaka na ikifuta aliyetenda, imebaki machozi matupu.

Wakati uliopo una pahali pake. Ni wa mazungumzo ya wachezaji wenyewe katika mchezo wa redio, maana hakuna mtu anayegombana na mume wake kwa wakati uliopita. Ni wa mtoto aliyezaliwa baada ya kuhama, ambaye kweli hajaona mwembe wowote; yeye akisimulia kwa "-na-" hasemi uongo. Lakini mama yake akiwa kwenye ukurasa uleule, apewe "-li-" yake.

Na jambo hili lina haraka. Familia zenye asili ya Kasai zilizofukuzwa Kolwezi mwaka 1993, zikalala stesheni zikingoja treni, nazo zilikuwa na malango na majirani na majina ya avenyi zao. Aliyekuwa na miaka 40 siku zile leo amepita 70. Bado anaweza kusema mlango wa nyumba yake ulitazama upande gani, na nani alikaa nyumba ya pili, kama kuna kijana atakayemuuliza "mliishi wapi" kabla ya kumuuliza "mnaishi namna gani".