Funzo la Sachangwan kwa wanaonunua programu za kuhifadhi data

MNAMO Januari 31, 2009, lori la mafuta lilianguka Sachangwan, kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kuelekea Eldoret. Wananchi walipokuwa wakichota petroli, moto ulilipuka na kuangamiza zaidi ya watu 100. Siku tatu tu awali, duka la Nakumatt Downtown lilikuwa limeteketea jijini Nairobi, na watu wengi wakapoteza maisha humo.

Miili mingi ya Sachangwan iliungua kiasi cha kutotambulika. Wataalamu walilazimika kuchukua sampuli za DNA za jamaa ili kuilinganisha. Jina la marehemu lingeweza kurejeshwa kwa kuwa ushahidi wake ulikuwa umesalia mahali pengine, katika damu ya ndugu zake. Waliokosa kutambuliwa walizikwa katika kaburi la pamoja.

Hakuna data inayolingana na uhai wa binadamu. Hata hivyo, mkasa huo unatukumbusha jambo ambalo wakuu wa asasi zetu husahau upesi: kumbukumbu iliyo mahali pamoja huangamia pamoja na mahali hapo. Leo hii akiba ya mkulima wa viazi wa Molo, rekodi za matibabu za mkewe na karo ya mwanawe zimo ndani ya kompyuta ambazo hajawahi kuziona.

Ndiposa uteuzi wa programu ya kutengeneza nakala rudufu na kurejesha data si suala la mafundi peke yao. Benki, hospitali au serikali ya kaunti inapotangaza zabuni, aghalabu hutazama bei ya leseni na kasi ya kunakili. Swali la kwanza lingefaa kuwa hili: tukipoteza kila kitu usiku wa leo, tutarejea kazini baada ya saa ngapi, na tutakuwa tumepoteza kazi ya saa ngapi? Asasi isiyojua majibu hayo haijui inachonunua.

Kunakili ni kazi rahisi. Kurejesha ndiko kunakowaumbua wengi. Mnamo Januari 31, 2017, mfanyakazi wa kampuni ya GitLab, ambayo huhifadhi kazi za waundaji programu duniani, alifuta data kimakosa. Kampuni hiyo ilikuwa na mbinu tano za kuhifadhi nakala, lakini ilikiri kwamba hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Mojawapo ilikuwa ikifeli kimyakimya kwa sababu barua pepe za kuonya kuhusu hitilafu hazikuwafikia wahusika. Iliokolewa na nakala iliyochukuliwa saa sita hivi kabla, tena kwa bahati, si kwa mpango.

Funzo la pili linatoka Korea Kusini, taifa linalosifika kwa teknolojia. Mnamo Septemba 26, 2025, moto ulizuka katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon. Hifadhi iliyotumiwa na watumishi wa umma, yenye terabaiti 858, iliteketea. Haikuwa na nakala nje ya kituo hicho. Sababu iliyotolewa ni kwamba data ilikuwa nyingi mno kunakiliwa.

Wataalamu wana kanuni ya kale inayotosha kuepusha aibu kama hiyo: weka nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja iwe mbali. Lakini hata umbali una gharama yake. Kwa njia ya intaneti yenye kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, kurejesha terabaiti moja huchukua takriban saa 22. Asasi yenye terabaiti 20 itasubiri zaidi ya wiki mbili, endapo njia hiyo haitakatika. Na hukatika: mnamo Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora Kenya na majirani zake. Kwa hivyo anayekodi hifadhi ng'ambo anahitaji pia nakala nyingine humu nchini, iliyo karibu naye ila si chini ya paa moja.

Isitoshe, moto si adui wa pekee. Mnamo Aprili 2023, maduka ya Naivas, ambayo chimbuko lake ni Rongai katika kaunti hii ya Nakuru, yalitangaza kuwa yameshambuliwa na wadukuzi wa aina inayofunga data na kudai kikombozi. Wahalifu wa aina hiyo huanza kwa kuwinda nakala rudufu, wakijua kuwa mwenye nakala hana haja ya kulipa. Mwaka wa 2024 walitumia dosari katika programu ya Veeam, mojawapo ya programu maarufu zaidi za kazi hiyo. Umaarufu wa jina hauondoi haja ya kuwa na nakala isiyoweza kubadilishwa wala kufutwa, hata na msimamizi wa mitambo mwenyewe.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayehifadhi data za watu azingatie uwezo wa kuzirejesha kwa wakati mwafaka baada ya mkasa. Haikutaja kununua programu, ilitaja kurejesha.

Basi kamati za zabuni zibadilishe utaratibu. Kabla ya kutia saini, muuzaji apewe mtambo mtupu na nakala ya data halisi ya asasi, kisha arejeshe kila kitu mbele ya mkaguzi huku saa ikihesabu. Na baada ya ununuzi, zoezi hilo lirudiwe angalau kila robo ya mwaka, matokeo yakifikishwa kwa bodi na si kwa idara ya kompyuta pekee.

Zoezi hilo litagharimu siku moja ya kazi. Kutolifanya kunaweza kumgharimu mkulima wa Molo akiba ya maisha, naye hatakuwa na ushahidi wowote kwamba aliwahi kuweka hata shilingi moja.