Aliyepandikizwa figo asiridhike na kipimo cha malaria peke yake

Siku hizi si ajabu kukutana na mtu anayeishi kwa figo ya ndugu yake. Zamani safari ilikuwa ni ya India. Muhimbili walianza kupandikiza figo mwaka 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, Kigali na Kampala nao wakaanza mwaka 2023. Watu hawa hurudi makwao, huvuka mipaka na kuendelea na biashara zao. Wakishikwa na homa, mara nyingi hupimwa malaria, basi.

Hapo ndipo penye hatari. Katika eneo letu kuna homa ya papasi, ambayo dalili zake hufanana mno na za malaria: joto kali, kutetemeka, maumivu ya kichwa na viungo. Homa hupoa, kisha hurudi baada ya siku kadhaa. Papasi ni jamii ya kupe. Mchana hujificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo. Usiku hutoka, hunyonya damu na kurudi, na aliyeumwa hana habari. Anaweza kukaa miaka bila chakula. Kwa hiyo mfanyabiashara anayelala gesti hii na ile, au aliyerejea katika nyumba iliyohamwa zamani, ajihadhari.

Ugonjwa huu si mgeni. Mwaka 1905 daktari Mwingereza, Joseph Dutton, aliuchunguza huko Kongo, ukamuua pale Kasongo. Ajabu ni kwamba hadi leo tunaupita bila kuuona.

Kipimo cha haraka cha malaria hutafuta malaria tu. Vijidudu vya homa ya papasi, vilivyojisokota kama skrubu, huonekana mtaalamu anapoichunguza damu kwa hadubini, na damu hiyo yafaa itolewe wakati homa imepanda. Homa ikishuka, ni vigumu kuviona.

Kwa aliyepandikizwa figo mambo ni mazito zaidi. Dawa zinazozuia mwili usiikatae figo hupunguza pia kinga. Vipimo vinavyotafuta kingamwili vinaweza kusema hakuna ugonjwa, kumbe upo. Hata malaria ikionekana, isiwe mwisho wa uchunguzi, maana mtu anaweza kuwa na yote mawili.

Halafu kuna wale wanaokimbilia duka la dawa. Erithromaisini, ambayo wengi huinunua kama peremende, hupandisha kiwango cha takrolimasi na siklosporini katika damu hata figo ikaumia. Na anayeacha dawa za figo kwa kuwa anaumwa, anaweza kuipoteza figo yenyewe.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ndugu yangu uliyepandikizwa, ukifika zahanati sema mambo matatu bila kuulizwa: nina figo ya kupandikizwa, natumia dawa hizi, na nimelala mahali fulani. Tembea na kadi yako kama unavyotembea na hati ya kusafiria.

Nazo serikali zetu zisidhani kwamba vipimo vya haraka vimeondoa haja ya hadubini. Kila kituo cha afya mpakani kiwe nayo, pamoja na mtaalamu anayejua kuitumia. Tunatumia fedha nyingi kumpa mtu figo. Ni aibu kuipoteza kwa sababu ya mdudu wa ukutani.