TAARIFA YA TAWI: JAKETI OKOZI NI LA KUNUNULIWA NA TAJIRI, SI MVUVI



Tangu kikao cha tawi cha Jumamosi simu za viongozi hazijapumzika. Wapo wanaosema tawi limeingilia biashara za watu. Wapo waliosikia nusu ya habari wakatangaza kwamba tumepiga marufuku mitumbwi ya makasia. Hatujapiga marufuku kitu, na tawi la chama halina mamlaka hayo. Tulichofanya ni kukubaliana msimamo tutakaoupeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji, nao ni huu: *mtumbwi usitoke mwaloni bila jaketi okozi kwa kila aliyemo, na wa kulinunua ni mwenye mtumbwi.* Sehemu ya kwanza imepigiwa makofi na kila mtu. Ya pili ndiyo iliyoleta maneno, na ndiyo tunayotaka kuieleza hapa.

Mwezi uliopita tumemzika kijana wa miaka 22 aliyetoka na mtumbwi wa dagaa. Hatutaji jina lake wala la aliyemwajiri, familia imeomba hivyo. Tunasema tu kwamba mtumbwi ulipatikana, nyavu zikapatikana, taa mbili zikapatikana, na yeye alipatikana siku ya tatu. Zana za kazi zilikuwa na cha kuzielesha. Mtu hakuwa nacho.

Ziwa letu tunalijua, lakini si vibaya kukumbushana linavyofanya kazi. Mchana nchi kavu inachemka kuliko maji, upepo unatoka ziwani kwenda pwani. Usiku mambo yanageuka: nchi inapoa haraka, maji yanabaki na joto lake, upepo unatoka pande zote za nchi kavu na kwenda kukutana huko katikati. Hewa yenye unyevu ikisukumwa juu namna hiyo inazaa mawingu ya radi. Ndiyo maana dhoruba mbaya za Ziwa Victoria hupenda saa za usiku wa manane hadi alfajiri, wakati ambao juani kulikuwa shwari kabisa. Na sisi tunaovua dagaa tunakwenda lini? Usiku, tena usiku wa giza, maana mbalamwezi ikiwaka dagaa hawasogei kwenye taa. Kazi yetu na hasira ya ziwa zimepangwa saa moja. Mvuvi anayetazama anga la saa kumi na mbili jioni na kusema leo kumetulia, hajaona kitu bado.

Ziwa lina kilometa za mraba 68,000 na ushee, na karibu nusu yake iko Tanzania. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likinukuu makadirio ya vifo 3,000 hadi 5,000 kwa mwaka kwa nchi zote tatu. Ni makadirio, kwa sababu wengi wanaokufa maji kwenye mitumbwi hawaandikwi popote. Meli ikizama taifa zima linajua. MV Bukoba mwaka 1996, MV Nyerere pale Ukara mwaka 2018 na watu 228, hizo zina tarehe zake na makaburi yake. Mtumbwi wa watu wanne ukipinduka, habari inaishia mwaloni.

Tena niwakumbushe jambo moja, mimi mwenezi wenu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, nani alifika kwanza? Wavuvi na mitumbwi yao. Ndani ya ndege walikuwamo watu 43, na 24 wakatoka hai. Nchi nzima ikamjua kijana Majaliwa Jackson, mvuvi, na haki yake. Siku hiyo kila mtu alijua thamani ya mtumbwi mdogo na mtu aliyeshika kasia. Swali la tawi ni dogo tu: huyo anayeokoa wa kwenye ndege, yeye akipinduka saa tisa usiku, ana nini mwilini?

Sasa hoja mlizotutumia. Tumezisoma zote, hata zile za matusi.

Ya kwanza: "Mvuvi anajua kuogelea." Baadhi wanajua, na kuna wengine wengi, tena watoto wa humu humu mwaloni, hawajui, wanaona aibu kusema. Lakini hata anayejua, fikirieni amevaa nini. Koti zito la usiku, suruali mbili, mabuti ya mpira. Mabuti yakijaa maji yanamvuta. Maji ya ziwa letu si ya barafu, ila yako chini ya joto la mwili kwa zaidi ya nyuzi 10, na mtu akikaa humo kwa saa kadhaa anapoteza nguvu ya mikono kabla ya kupoteza akili. Unaogelea kuelekea wapi, usiku, huoni pwani?

Ya pili: jaketi lina joto, linanasa kwenye nyavu. Hii ina ukweli, na aliyeisema ni mvuvi, si tajiri, kwa hiyo tunaiheshimu. Jaketi pana lenye kamba zinazoning'inia ni usumbufu kwa mtu anayevuta nyavu. Dawa yake ni kununua lililobana mwili, lisilo na mikanda inayopepea, na kukata kamba zilizozidi. Si kuliacha nyumbani. Wala kuliweka chini ya ubao wa kukalia, maana mtumbwi ukipinduka hakuna anayepata nafasi ya kufunga vifungo.

Ya tatu: ukilivaa unajiitia kifo. Wazee wetu wa mwaloni tunawaheshimu, lakini mbona mkanda wa gari mnaufunga mkipanda basi la Mwanza na hamjasema mnaita ajali?

Ya nne: madumu matupu yanatosha. Dumu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri linaelea kweli, na limewahi kuokoa watu, hatubishi. Lakini dumu linataka kushikwa. Mikono ikifa ganzi, au wimbi likikupiga usoni, dumu linakwenda zake na wewe unakwenda zako. Jaketi halikuombi ulishike. Beba dumu, na uvae jaketi.

Na haya si ya kwetu peke yetu. Huko Marekani watu wanavua kwenye maziwa kwa kayaki, yaani vimtumbwi vyembamba vya mtu mmoja au wawili, wengi wao kwa starehe, samaki mwingine wanamrudisha majini (ndiyo, wanamrudisha). Walinzi wa Pwani wa nchi hiyo walipotoa hesabu za mwaka 2022 za ajali za vyombo vya starehe, robo tatu ya waliokufa walikuwa wamezama, na katika kila 100 waliozama 85 hawakuvaa jaketi. Nchi yenye maduka kila kona. Tatizo lao ni kuvaa. Letu ni mawili, kulipata na kulivaa.

Tuje kwenye kulipata, kwa sababu hapo ndipo kelele zilipo.

Mtumbwi ukirudi na dagaa wakiuzwa, nini kinafanyika? Kwanza zinatolewa gharama za safari: petroli, chakula, chaji ya taa, matengenezo madogo. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa, fungu la tajiri kwa sababu ya chombo, mashine na nyavu, na fungu la wavuvi kwa sababu ya jasho. Baadhi ya matajiri wameshatuambia wako tayari kununua jaketi, ila litolewe kwenye gharama za safari. Linaonekana pendekezo zuri mpaka upige hesabu. Likitolewa kwenye gharama kabla ya mgao, mvuvi amelipia sehemu yake. Na akiacha kazi kwa tajiri huyo, jaketi linabaki kwa nani? Linabaki mtumbwini. Kwa hiyo mvuvi amenunua mali ya mtu mwingine.

Msimamo wa tawi ni kwamba jaketi likae kundi moja na mashine na nyavu. Mvuvi hachangii kununua mashine, na ndiyo sababu tajiri ana fungu lake. Ukitaka fungu la chombo, chombo kiwe kamili. Weka bei ya jaketi moja kando ya bei ya dumu la petroli linalochomwa kwa safari chache tu, halafu utuambie kama kweli ndicho kitakachokufilisi.

Tunajua humu kwenye tawi wamo wanachama wenye mitumbwi mitatu, minne. Wamo kwenye kamati. Mmoja alisema kwenye kikao, mbele ya wote, kwamba chama kinachogombana na matajiri wake kitakosa wa kukichangia. Tumemsikia. Lakini mwalo huu una wavuta nyavu wengi kuliko wenye nyavu, na wote wana kadi au wana ndugu mwenye kadi. Kama tawi haliwezi kusema neno hili kwa wanachama wake lenyewe, halina uso wa kwenda kulisema kwa serikali.

Kuna kundi ambalo msimamo wetu haukuligusa vizuri, na mama mmoja wa soko alitusahihisha: wenye mtumbwi mdogo wa makasia, mtu na mwanawe, wanaotega ndoano na nyavu chache karibu na matete. Hao hawana tajiri. Mtumbwi ni wao, njaa ni yao. Kuwaambia wanunue jaketi mbili kesho au wasitoke ni kuwanyang'anya chakula, nao hatutaki wafanyiwe hivyo. Wengine bado wanakumbuka Operesheni Sangara ya mwaka 2018, nyavu na mitumbwi ikichomwa moto. Kwa hao tunapendekeza BMU yetu inunue jaketi kwa pamoja kutoka fedha za mwalo na kuwakopesha, walipe kidogo kidogo kwa kila mauzo, bila riba, wapewe miezi sita kabla sheria haijawagusa. Kama fedha za mwalo zinatosha kujenga ofisi yenye vigae, zitatosha hili.

Wakati wa kununua tafadhali msidanganyike. Yako majaketi yanauzwa yamejazwa sponji ya godoro, yanavutia rangi tu, yakikaa majini yanakunywa maji na kuwa mzigo. Ukilinunua, livae, ingia maji ya kifuani, kunja magoti ulale chali. Likiacha kidevu chako juu ya maji bila wewe kupiga mikono, ni jaketi. Lisipofanya hivyo, lirudishe dukani. Na mtumbwi ukipinduka, baki nao. Mbao hazizami upesi, na anayetafuta ataona mtumbwi kabla ya kuona kichwa cha mtu.

Kuhusu sheria. Vyombo vidogo hukaguliwa na TASAC, na jaketi ni moja ya vitu vinavyotazamwa. Lakini mkaguzi haji hapa kila jioni, na siku anayokuja majaketi yanaazimwa kutoka mwalo wa pili. Tumeyaona wote, yale yale manane yakizunguka. Ndiyo maana tunataka sheria ndogo ya kijiji, inayosimamiwa na watu wanaolala hapa. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji nafasi ya kutunga sheria ndogo, mkutano wa kijiji ukaijadili, halmashauri ya wilaya ikaidhinisha. Faini iandikwe kwa jina la mwenye chombo. Mvuvi akikutwa hana jaketi kwa sababu hakupewa, asishikwe yeye. Akiwa amepewa na amekataa kuvaa, hilo ni jingine, atashushwa, na mtumbwi usiondoke naye.

Tunaomba pia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wa ziwa usomwe kwa kipaza sauti cha mwalo kila siku kabla ya mitumbwi kutoka. Simu zipo, lakini wengi humu hawana vocha siku za giza zinapoanza, ndipo wanapouhitaji. Kijana mmoja wa tawi amejitolea kuusoma. Betri ya kipaza sauti ndiyo haipo, mwenye nayo aseme.

Mkutano mkuu wa kijiji utakuwa siku za mbalamwezi, mitumbwi ikiwa nchi kavu. Tuliomba makusudi uwe wakati huo ili wavuvi wawepo, si wenye mitumbwi peke yao. Mwenyekiti wa kijiji atatangaza tarehe na saa. Wanachama mnaomiliki mitumbwi, wa kwanza tunaowaomba waje na majaketi mkononi ni ninyi. Wavuvi, njooni mseme wenyewe. Msitutume tuwasemee halafu mkae nyuma ya vichanja mkisikiliza.

Anayepinga msimamo huu anakaribishwa kuupinga hapo, kwa hoja, jina lake likijulikana. Ujumbe wa sauti wa usiku usiokuwa na mwenyewe hatutaujibu tena.

Imetolewa na Uenezi wa Tawi, kwa maelekezo ya Kamati. Wasomeeni wasio na simu.